Mabawa ya ndege yapimwa kwa rangi, matanga ya Matondoni yatapimwa lini?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa madukani na katika mikutano ya vyama vya ushirika, pale mweka hazina anaposhindwa kueleza fedha za wanachama zimekwenda wapi. Lakini ipo mali nyingine ambayo haiwekwi benki wala sandukuni, nayo hupotea kwa namna hiyo hiyo. Mali hiyo ni ujuzi.

Katika kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, mali ya namna hiyo ingalipo. Mgeni afikapo ufuoni huona vyombo vilivyopandishwa mchangani, vingine vipya ambavyo mataruma yake bado hayajavishwa mbao, vingine vikongwe vinavyosubiri kalafati. Mafundi hufanya kazi kwa shoka, tezo na keekee, bila mchoro wowote wa karatasi. Vipimo vimo kichwani na mkononi, vilipokelewa kutoka kwa baba na mjomba, na vitapokelewa na kijana yule tu atakayekubali kukaa karibu na fundi kwa miaka. Chombo kikimalizika hupakwa sifa na deheni ili mbao zisinyonye maji, hutwekwa tanga la pembe tatu, kisha nahodha hukikabidhi kwa upepo.

Mbali na hapo, katika maabara za Marekani, Ulaya, Japani na Urusi, wahandisi wa ndege wanashughulika na swali ambalo nahodha wa Matondoni amekuwa akilijibu tangu siku ya kwanza aliposhika usukani. Upepo unapopita juu ya kitu kilichobinuka, unakikandamiza wapi na unakivuta wapi? Chombo kimojawapo wanachotumia kupata jibu ni kitu ambacho fundi yeyote wa mashua angekitambua, yaani rangi. Ila rangi hiyo haipakwi kwa ajili ya urembo wala kuzuia maji. Hupakwa ili isome hewa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi rangi hiyo inavyofanya kazi, kwa nini haiwezi kupelekwa Matondoni ilivyo, na kwa nini kipimo cha aina hiyo, kwa njia iliyo rahisi zaidi, kinawahusu watu wa Lamu wakati huu kuliko wakati mwingine wowote.

RANGI INAYOFIFIA KWA OKSIJENI

Hewa ina uzito. Kwenye usawa wa bahari mgandamizo wa hewa, ambao wanafunzi wa fizikia huuita kanieneo, ni takriban paskali 101,300. Huo ni sawa na uzito wa tani kumi hivi juu ya kila mita moja ya mraba. Hatuuhisi kwa sababu umetuzunguka pande zote. Bawa la ndege huinuka kwa kuwa hewa ipitayo juu yake hukandamiza kidogo kuliko ile ipitayo chini yake. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayoibeba ndege.

Kwa miaka mingi njia ya kupima tofauti hiyo ilikuwa kutoboa matundu madogo kwenye mfano wa bawa, kuunganisha kila tundu na mrija mwembamba, kisha kuuweka mfano huo ndani ya handaki la upepo, yaani chumba kirefu chenye feni kubwa zinazovumisha hewa kwa kasi inayotakiwa. Njia hiyo ingali inatumika, lakini kila tundu hutoa tarakimu moja tu. Mfano wenye matundu mia kadhaa ni ghali na huchukua muda mrefu kutengenezwa, na bado sehemu iliyo baina ya tundu na tundu hubaki kukisiwa. Kwenye kingo nyembamba za bawa hakuna hata nafasi ya kupitisha mrija.

Rangi imekuja kuondoa kasoro hiyo. Ndani yake mna molekuli ambazo zikimulikwa kwa nuru ya samawati, au kwa ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, hunyonya nguvu ya nuru hiyo na kuitoa tena kama mng'ao wa rangi nyingine, mara nyingi nyekundu. Molekuli hizo, ambazo baadhi huwa na madini adimu kama vile platinamu, huchanganywa katika gundi maalumu inayopenyeka hewa. Oksijeni ikiifikia molekuli iliyokwisha kunyonya nuru, huipokonya nguvu hiyo kabla haijang'aa. Kwa hiyo penye oksijeni nyingi rangi hufifia, na penye oksijeni chache rangi hung'aa zaidi.

Kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, mgandamizo ukiongezeka oksijeni nayo huongezeka kwa kiasi kile kile. Basi kamera inayolitazama bawa katika giza la handaki huona ramani nzima. Sehemu zenye mwangaza ni zile ambazo mgandamizo wake umepungua, na sehemu zilizofifia ni zile zinazokandamizwa. Kila nukta ya picha inageuka kuwa kipimo, na picha moja ina mamia ya maelfu ya nukta.

Msingi wa jambo hili si mpya. Wanasayansi Otto Stern na Max Volmer waliandika kanuni ya kufifia kwa mng'ao mwaka 1919, na katika miaka ya 1930 Hans Kautsky akaonyesha kuwa oksijeni huuzima. Hata hivyo, ilikuwa hadi miaka ya 1980 ndipo kanuni hiyo ilipopelekwa kwenye mabawa. Upande mmoja kazi hiyo ilifanyika katika taasisi ya utafiti wa ndege ya Muungano wa Kisovieti, TsAGI. Upande mwingine ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, kwa ushirikiano na kituo cha Ames cha shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Miongoni mwa watafiti wa Seattle alikuwa Janet Kavandi, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1990 kwa kazi iliyohusu rangi hizo. Baadaye alisafiri mara tatu angani akiwa mwanaanga wa NASA, kati ya mwaka 1998 na 2001.

Tangu wakati huo rangi hiyo imekuwa chombo cha kazi cha watengenezaji wa ndege, ikiwemo kampuni ya Boeing. Kituo cha Ames kimeitumia hata kwenye mfano wa roketi kubwa ya SLS ili kuona mgandamizo unavyotetemeka juu ya ngozi yake inapopasua anga. Faida yake ni usalama. Mhandisi anayejua mahali ambapo hewa itavuta zaidi anajua pia mahali ambapo bawa linahitaji nguvu zaidi, na mahali ambapo anaweza kupunguza uzito bila kuhatarisha roho za watu.

HESABU YA NDEGE NA HESABU YA TANGA

Chukua mfano wa ndege ndogo aina ya Cessna Grand Caravan, ambayo imezoeleka katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni takriban kilo 3,970, na mabawa yake yana eneo la mita 26 za mraba hivi. Ukigawanya utaona kuwa kila mita moja ya mraba ya bawa hubeba kilo zipatazo 150, yaani tofauti ya mgandamizo ya karibu paskali 1,500 baina ya juu na chini. Ni asilimia moja na nusu tu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, lakini inatosha kuwainua abiria na mizigo yao juu ya mikoko.

Ndege kubwa ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa, kwenye kimo cha mita 10,000, iko katika hali nyingine. Huko juu mgandamizo wa hewa ni takriban paskali 26,500, na mwendo wa ndege peke yake huzusha mgandamizo wa upepo unaokaribia paskali 13,000, yaani karibu nusu yake. Mabadiliko makubwa kama hayo rangi huyaona bila taabu.

Sasa tuligeukie tanga. Upepo wa kusi ukivuma kwa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, mgandamizo wake ni paskali 60 hivi. Tuseme tanga lina eneo la mita 40 za mraba, na tofauti ya wastani baina ya upande wa joshini, unaopokea upepo, na upande wa demani, ulio kinyume chake, ni paskali hizo 60. Nguvu inayopatikana ni sawa na uzito wa kilo 245 hivi. Nguvu hiyo ndiyo inayokipeleka chombo, na ndiyo inayokilaza ubavu hadi mabaharia wakalazimika kukalia ubao uliochomozwa upande wa pili ili kisipinduke.

Wengi wetu hudhani kuwa tanga husukumwa tu. Ni kweli pale upepo unapotoka nyuma. Lakini chombo kinapobisha, yaani kinapokwenda kuelekea upepo unakotoka kwa kupinda huku na huku, hewa hupita pande zote mbili za nguo kama inavyopita juu na chini ya bawa, na sehemu kubwa ya nguvu hutoka upande wa demani ambako mgandamizo umepungua. Kwa maana hiyo tanga ni bawa lililosimamishwa wima. Nahodha analijua hilo kwa mkono. Akilegeza kamba kupita kiasi, ukingo wa mbele wa tanga huanza kutapatapa. Akiikaza mno, chombo hulala zaidi huku mwendo ukipungua. Mhandisi wa ndege angesema kuwa hewa imebanduka kwenye bawa. Wawili hao hawajakutana, lakini wanazungumzia jambo moja.

KWA NINI RANGI HAIFAI HAPA

Je, basi, tupake rangi hiyo kwenye tanga la mashua? Jibu la kweli ni hapana, na ni vyema lisemwe mapema ili pasiwe na mtu wa kuja Lamu na ahadi za uongo.

Paskali 60 ni chini ya sehemu moja katika elfu moja ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Kamera ingelazimika kutambua badiliko dogo mno la mwangaza. Zaidi ya hayo, rangi nyingi za aina hii huyumbishwa na joto. Badiliko la nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubadili mng'ao kwa takriban asilimia moja, kiasi ambacho ni zaidi ya mara kumi ya kile kinachotafutwa. Tanga ambalo sehemu yake iko juani na nyingine kivulini lingetoa picha ya jua badala ya picha ya upepo. Isitoshe, kipimo hiki hutaka giza, na mwanga wa mchana wa Lamu ungeumeza mng'ao wote. Wahandisi wenyewe hukiri kuwa kasi ndogo ndipo ulipo udhaifu wa rangi hiyo, nao wanapopima katika kasi hizo hulazimika kupiga picha nyingi na kutafuta wastani wake, au kurejea kwenye matundu na mirija.

Lakini udhaifu wa rangi si udhaifu wa kipimo. Kitengo cha utafiti wa mashua cha Chuo Kikuu cha Auckland, nchini New Zealand, kimepima mgandamizo kwenye matanga ndani ya handaki la upepo na hata baharini juu ya chombo halisi, kwa kutumia mirija na vihisi. Kazi hiyo ilichochewa na mashindano ya mashua za fahari, ambako sekunde chache ni mamilioni ya dola.

Na bei ya vifaa imeshuka. Baadhi ya simu za mkononi zina kihisi kidogo cha mgandamizo wa hewa kinachoisaidia simu kukadiria kimo. Mtu akipanda mita moja mgandamizo hupungua kwa paskali 12 hivi, na kihisi hicho huweza kulitambua badiliko hilo. Paskali 60 za tanga letu ni sawa na kupanda mita tano, sawa na baharia aliyetoka miguuni pa mlingoti akapanda mita tano juu yake. Kifaa kinachoweza kutofautisha sehemu hizo mbili kinaweza pia kutofautisha joshini na demani. Vihisi kumi na viwili vilivyoshonwa kwa jozi kwenye nguo, waya mwembamba na betri moja havihitaji bajeti ya mabilioni. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi anaweza kuviunganisha katika muhula mmoja.

DUNIA YAREJEA KWENYE UPEPO

Msomaji anaweza kuuliza kuna haja gani ya kupima tanga wakati wavuvi wenyewe wanatafuta mashine. Swali hilo ni la haki, na lina majibu mawili.

La kwanza liko mfukoni mwa mvuvi. Mwenye mashine hununua mafuta kabla hajaingiza shilingi. Wapo wenye kutumia mashine na tanga kwa pamoja, lakini hakuna anayeweza kuwaambia kwa tarakimu ni lita ngapi tanga lililokatwa vizuri lingewaokolea kwa safari moja, au ni kwa namna gani foromali ikiinamishwa kidogo zaidi mwendo ungeongezeka. Fundi ana maoni yake na nahodha ana yake. Pasipo kipimo, mjadala huo huamuliwa na mwenye sauti kubwa, na kijana anayesikiliza huhitimisha kuwa tanga ni jambo la wazee.

La pili liko katika bandari za mbali. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha mkakati wa kufikisha gesi chafu za meli kwenye kiwango cha sifuri ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Oktoba 2025 nchi wanachama ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi kuhusu kanuni za kuutekeleza, lakini baadhi ya kampuni za meli zilikuwa zimekwisha kuanza. Agosti 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean ilianza safari kutoka China kwenda Brazil ikiwa na mabawa mawili yaliyosimama juu ya sitaha, yenye kimo cha hadi mita 37.5. Baada ya miezi sita ya majaribio, kampuni ya Cargill iliyoikodi ilitangaza kuwa mabawa hayo yaliokoa wastani wa tani tatu za mafuta kwa siku. Mwaka huo huo meli Canopée ya Ufaransa, iliyojengwa kubeba sehemu za roketi ya Ariane 6 kuvuka Atlantiki, ilifungwa matanga manne makubwa.

Hapo ndipo penye kinaya. Pepo za kusi na kaskazi ziliendesha biashara ya Pwani hii kwa karne nyingi kabla ya mvuke. Leo upepo unarudi baharini kama uvumbuzi, ukiwa na hataza, michoro na wawekezaji, na elimu iliyousanifu upya ni ile ile ya bawa la ndege. Si mbali na Matondoni, huko Kililana upande wa bara, bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa Mei 2021 ikiwa sehemu ya mradi wa LAPSSET. Iwapo siku moja meli zenye mabawa zitafunga gati hapo, watoto wa Matondoni watazitazama kwa jicho gani? Kama wapita njia, au kama watu wanaojua kinachozisukuma?

MAFUNZO TULIYOPEWA

Pwani yetu imekwisha kupata mafunzo kuhusu jambo hili, na yasiwe yametupita bure.

La kwanza ni la mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, na kutwekwa tanga la mkeka. Kiliondoka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichotufikia ni mifano midogo katika makavazi na maelezo ya watu waliokiona. Umbo lake tunaweza kulichonga tena. Lakini namna tanga lile la mkeka lilivyoshika upepo, na siri aliyokuwa nayo nahodha wake, ziliondoka naye.

La pili ni la Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini, Italia ilirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa heshima kubwa. Hata hivyo chombo chenyewe kilitengenezwa ng'ambo, na ilibidi Kenya ingoje hadi Mei 2018 ndipo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipoachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kutoka jina hadi chombo ilipita zaidi ya miaka 47.

La tatu ni la bandari yenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na athari za ujenzi huo. Fidia ya namna hiyo hutaka orodha: nani anavua, anavua wapi, na kwa chombo gani. Haki isiyo na kumbukumbu ni ngumu kuidai, na ni ngumu zaidi kuigawa.

Lipo pia funzo la kutia moyo. Septemba 2018 ilizinduliwa Lamu Flipflopi, mashua yenye urefu wa mita tisa hivi iliyotengenezwa kwa taka za plastiki chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda. Mwanzoni mwa mwaka 2019 ilisafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Mafundi wa Lamu hawakukataa kitu kipya. Walikipokea kwa sababu waliitwa kuwa mafundi, hawakuitwa kuwa vibarua wala mapambo ya picha.

NANI ATAMILIKI TARAKIMU?

Hofu moja inastahili kujibiwa. Watafiti wengi wamefika vijijini wakiwa na daftari, wakauliza maswali, wakaondoka, na wenyeji hawakuona tena hata nakala ya kilichoandikwa. Mzee wa Matondoni akikataa kushonewa vihisi kwenye tanga lake, hatakuwa mjinga. Atakuwa mtu mwenye kumbukumbu.

Kwa bahati njema sheria ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inatambua kuwa jamii ndiyo mwenye maarifa yake, na inazipa serikali za kaunti jukumu la usajili wa awali wa maarifa hayo. Serikali ya Kaunti ya Lamu, kwa hiyo, haihitaji kusubiri sheria nyingine. Inaweza kusajili elimu ya kuunda vyombo na kukata matanga kwa jina la jamii, na mkataba ukawekwa kabla ya kihisi cha kwanza kushonwa: tarakimu zitakazopatikana ni za mafundi na chuo kwa pamoja, nakala itabaki kijijini kwa Kiswahili, na yeyote atakayezitumia kwa faida ataanza kwa kubisha mlango wa wenyewe.

Vyuo navyo vipo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kinafundisha uhandisi wa ndege jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha uhandisi wa vyombo vya anga, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa hapa Pwani. Wanafunzi wao husoma bawa kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye mahandaki makubwa ya upepo. Lamu handaki hilo Mungu ameliweka wazi, halilipiwi umeme, na huvuma kwa majira yanayojulikana. Mashindano ya mashua ya Lamu hukusanya mahali pamoja vyombo na manahodha hodari, ambao kila mmoja amekata tanga lake kwa namna yake. Hakuna maabara iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kulinganisha.

Hatusemi kuwa kipimo peke yake kitaiokoa kazi ya Matondoni. Mbao ni ghali, marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 iliwagusa wengi, na kijana anayeona mwenzake akipata fedha za haraka kwingineko hawezi kulaumiwa kwa kuiacha tezo. Wala hatusemi kuwa fundi anahitaji kufundishwa na mashine jambo analolijua. Tunachosema ni kuwa ujuzi ambao haukuandikwa popote hauna pa kusimama pale bajeti zinapogawanywa, pale mitaala inapoandikwa, na pale mwekezaji anapokuja na hataza mkononi. Wahandisi wa ndege hawakuwa na haya ya kupaka rangi bawa ambalo tayari lilikuwa likiruka, ili waone kwa macho kile walichokuwa wakikikisia.

Gharama ya jaribio la kwanza ni ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini. Linahitaji chombo kimoja, nahodha mmoja aliyeridhia, wanafunzi wachache, na afisa wa kaunti aliye tayari kutia sahihi. Kusi itakapoanza tena, vinne hivyo viwe vimekutana ufuoni Matondoni, ili daftari lifunguliwe wakati mafundi wenyewe wangali hai kulisahihisha.